Boksi la Kilatini kutoka kwa shemeji

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mabawa hapa Tanga. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili 8, kitinda mimba 5. Sisi ni Walutheri. Shemeji yangu anaishi Marekani na wanawe wanasoma shule ya Kikristo ya mtindo wa kale: Kilatini, mantiki, kuhifadhi mashairi, mijadala. Ametutumia boksi zima la vitabu vya Kiingereza pamoja na ramani ya nyota ya kubandika ukutani, na anatushauri tuwaachishe watoto shule tuwafundishe wenyewe nyumbani. Mume wangu ameshawishika. Mimi nimeishia kidato cha nne na ninauza vitenge. Boksi liko chini ya kitanda. Elimu hii ni kitu gani hasa? Inawafaa watoto wa huku? Na hicho Kilatini nitakifundishaje, nami sikijui?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na lile linalokukosesha usingizi: watoto msiwatoe shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule ya msingi mtoto aliyefikisha miaka 7 na ahakikishe anahudhuria. Tena huyo wako mkubwa ana mtihani wa kumaliza shule ya msingi mbele yake, na boksi la shemeji halimwandai kwa mtihani huo hata kidogo. Hilo tumelimaliza. Lakini boksi msilirudishe, maana ndani yake kuna wazo zuri, ila limefungwa kwa karatasi za watu wengine.

Jina la elimu hii, elimu ya mtindo wa kale (kwa Kiingereza, classical education), linatisha kuliko yenyewe. Tangu enzi za Warumi hadi shule za watawa wa Ulaya, msomi alipitishwa katika fani saba. Tatu zilihusu maneno: sarufi, mantiki na balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi. Wakaziita triviumu, yaani pale njia tatu zinapokutana. Nne zilizobaki, kwadriviumu, zilihusu namba: hesabu, jometri, muziki na elimu ya nyota. Usishangae muziki umefuata nini huko. Wao waliuona kuwa ni hesabu inayosikika, kwa sababu ukiufupisha uzi wa ala hadi nusu unapata sauti ileile, ila ya juu.

Mwaka 1947 Dorothy Sayers, Mwingereza aliyejulikana kwa hadithi za upelelezi, alitoa mhadhara Oxford akilalamika kwamba shule zinawajaza watoto masomo lakini haziwafundishi namna ya kujifunza. Akataka triviumu irudi, na akailinganisha na umri. Mtoto mdogo ni kasuku, anakariri lolote kwa raha zake. Akikaribia kubalehe anakuwa mbishi, basi mpe mantiki abishane kwa kanuni. Akishabalehe anataka kujieleza, mpe balagha. Mwaka 1981 Douglas Wilson na wenzake walifungua shule ya namna hiyo Moscow, mji mdogo wa jimbo la Idaho, na baada ya kitabu chake cha 1991 mtindo ulienea Marekani, shuleni na majumbani. Boksi lako limeletwa na mkondo huo.

Sasa, kuna jambo ambalo shemeji huenda hakuambiwa. Watu wa kale hawakuzigawa fani hizi kwa umri wa mtoto. Ngazi za kasuku, mbishi na msemaji ni wazo la Sayers, naye kwa uungwana alikiri katika mhadhara uleule kwamba maoni yake kuhusu akili za watoto si yale ya wataalamu. Ni picha nzuri, ila ukiifanya sheria itakuumiza. Mimi iliniumiza.

Nilipokuwa nafundisha shule ya Jumapili niliwakaririsha watoto Zaburi ya 23 kwa ajili ya mashindano. Wadogo ni kasuku, nikajiambia, maana watakuja kuielewa wakikua. Wakaishika yote, neno kwa neno. Siku mbili kabla ya mashindano binti mmoja wa miaka 7 akanyoosha kidole: "Mwalimu, kwa nini Daudi alifarijiwa na gongo?" Darasa likaangua kicheko. Wakubwa walicheka kwa kuwa walijua gongo linalopikwa vichakani. Wadogo walicheka kwa kufuata mkumbo. Nikagundua kwamba kwa miezi miwili watoto wale walikuwa wanamtangaza mfalme Daudi kuwa mlevi, na kama si yule binti tungeenda hivyo hivyo mbele ya usharika mzima. Gongo la Zaburi ni rungu la mchungaji, la kumpigia mnyama mkali. Fimbo ni ya kuongozea kondoo. Inachukua dakika mbili kueleza. Wakilijua hilo, mstari ule hauwatoki maisha.

Kwa hiyo kukariri, ndiyo, tena sana, ila swali lisisubiri miaka 11. Walutheri mnayo silaha ya kazi hii ndani ya nyumba. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, imejengwa hivyo hivyo: amri, kisha swali fupi, maana yake nini? Na Luther aliiandika akimlenga baba mwenye nyumba awafundishe watu wake. Mume wako ana hamu ya kufundisha, sivyo? Mpe hiyo. Amri moja kwa juma, baada ya chakula cha usiku, na asiruhusiwe kupita "maana yake nini" mpaka yule wa miaka 8 ameieleza kwa maneno yake na mfano wa mtaani kwenu. Ya saba, usiibe, kwa nyumba ya muuza vitenge ina mengi ya kusema kuhusu kupima kitambaa.

Tena usikubali mtu akuambie kwamba triviumu ni kitu kigeni Tanga. Tazama maneno niliyotumia hapo juu: sarufi, mantiki, balagha. Hayo yametoka Kiarabu, na yamekuja na elimu yake. Masheikh wa pwani walisoma nahau (mpangilio wa maneno katika sentensi), sarufi, mantiki na balagha zamani sana kabla ya meli ya mmisionari wa kwanza kutia nanga. Alasiri unawasikia watoto wa chuo cha Kurani mtaani kwenu wakisoma kwa sauti moja. Wanahifadhi kurasa kwa kurasa, na mimi nikipita pale huona haya kidogo, maana Wakristo wengi wa pwani tumeliachia zoezi la kuhifadhi liende. Kwaya tu ndiyo iliyobaki. Mtoto wetu anazijua beti zote za wimbo wa kwaya wenye kinanda, umwambie aseme Zaburi moja anakutazama.

Anza basi na kilicho karibu. Sarufi ya kale haikuwa orodha ya kanuni peke yake. Ilikuwa kusoma mashairi na kuyapasua neno kwa neno. Sisi tuna tenzi. Ubeti wa utenzi una mistari minne, kila mstari mizani (silabi) nane, mitatu ya kwanza inatoshana vina, wa nne unashika kina kinachotembea hadi mwisho wa utenzi. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuuhesabu kwa vidole. Niliwahi kuwapa watoto kazi ya kukisimulia kisa cha Yona kwa utenzi, na mmoja akaniletea mstari wa kwanza: "Yona alipanda jahazi." Nikamwambia ahesabu. Yo-na-a-li-pa-nda-ja-ha-zi: tisa. Akakaa chini, akaukata, akaunganisha, na baada ya robo saa alirudi na huu:

Yona kapanda jahazi,
kakimbia yake kazi,
Mungu kamuona wazi,
na bahari kachafua.

Angalia alichojifunza. Kwamba "ali-" ina silabi mbili na "ka-" moja, na kwamba "ka" ya kishairi inabeba masimulizi bila kupoteza maana. Kwamba "yake kazi" ni "kazi yake" iliyogeuzwa ili kina kikae. Kwamba kina cha mwisho, -ua, sasa kimemfunga, na kila ubeti utakaofuata lazima umalizikie hapo. Hakuna kitabu ndani ya boksi kitakachompa mtoto wa Mabawa sarufi ya namna hiyo, kwa sababu sarufi hiyo iko kinywani mwake tayari.

Na mazoezi mengine ya kale tunayo bila kujua. Aphthonius, mwalimu wa balagha wa Antiokia karne ya 4, aliacha mfululizo wa mazoezi 14 ya uandishi. La kwanza ni kusimulia upya ngano ya wanyama. La pili ni kusimulia tukio. La tatu ni kukuza kauli ya mtu mwenye hekima, la nne ni kukuza methali: iseme, ifafanue, toa sababu, toa kinyume chake, toa mfano. Hiyo si insha ya methali tuliyoandika sote darasani? Tofauti ni kwamba sisi tulipewa mada na dakika arobaini, wao walipewa ngazi. Mruhusu wa pili asimulie Sungura na Fisi mara tatu: kama ilivyo, kisha kwa kuanzia mwisho, kisha kama Fisi ndiye anayesimulia. Hiyo ya tatu itawachekesha, na ndiyo inayofundisha zaidi.

Kwa yule mkubwa, mantiki. Usinunue kitabu. Mwambie hivi: watu wa Tanga wana baiskeli, yule bwana ana baiskeli, basi yule bwana ni wa Tanga. Kuna kosa gani? Mwache ahangaike. Atakuambia kwanza kwamba si watu wote wa Tanga wana baiskeli, na ni kweli, lakini kosa kubwa haliko hapo. Hata kama wote wangekuwa nazo, bado yule bwana angeweza kuwa wa Moshi na baiskeli yake. Siku akilinasa kosa hilo atalikuta kila mahali: redioni, kwenye kampeni, na samahani, hata mimbarini.

Kisha mpe Mithali 26. Aya ya 4 inakataza kumjibu mpumbavu kwa upumbavu wake. Aya ya 5 inaamuru ajibiwe. Zimekaa bega kwa bega. Muulize: Biblia inajipinga? Usimpe jibu wewe. Mtoto akishatafuta mwenyewe ni lini kimya kinafaa na ni lini jibu linafaa, ameonja mantiki na hekima kwa kijiko kimoja. Ukiona amependa, mfungulie ngonjera, mashairi ya majibizano aliyoyakuza Mathias Mnyampala, mshairi wetu Mkristo wa Dodoma: wawili wanabishana kwa beti hadi mmoja anakubali. Mkubwa ashike upande mmoja, baba yake upande wa pili, halafu kesho wabadilishane pande. Kubadilishana pande ndiyo dawa. Bila hivyo unafuga mbishi tu.

Mume wako anaweza kuuliza kama watoto wa Kikristo wasome waandishi Waislamu. Wasome. Shaaban Robert alizaliwa Machui, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, na riwaya yake Kusadikika ni kisa cha mtu mmoja, Karama, aliyesimamishwa mahakamani akijitetea kwa hoja na visa vya wajumbe sita. Sijaona kitabu cha Kiswahili kinachomfaa zaidi kijana wa miaka 13 anayeanza balagha. Agostino, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, aliwajibu wenye hofu hiyo miaka 1,600 iliyopita: Waisraeli walitoka Misri wamebeba dhahabu ya Wamisri, na Mkristo naye achukue kilicho kweli popote akikuta.

Huyo Agostino nimemtaja makusudi. Vitabu vya boksi vitamweka kati ya Wazungu wa kale, lakini alizaliwa Thagaste mwaka 354, mji ulioko Algeria ya leo, na alifundisha balagha Karthago kabla ya kwenda Roma na Milano. Na hapa ndipo ninapolijibu swali lako la Kilatini. Agostino anasimulia utoto wake: Kigiriki alikichukia, kwa sababu alifundishwa kwa vitisho na fimbo. Kilatini alikijua bila maumivu, kwa kuwa alikipata kwa walezi waliombembeleza, katika utani na michezo. Kilatini kilikuwa lugha ya nyumbani! Kile wanachotaka kuwarudishia watoto wa Idaho kwa vitabu vya mazoezi, yeye alikipata kama mwanao anavyokipata Kiswahili. Ukimfuata Agostino kwa dhati, hufiki kwenye Kilatini cha kulazimisha. Unafika kwenye Kiswahili kilichosomwa kwa kina, na fimbo iliyowekwa kando.

Wanaotetea Kilatini wana hoja moja nzito: kinamwonyesha mtoto mizizi ya maneno anayotamka kila siku. Nakubali, lakini mizizi ya maneno yetu ya dini haiko huko. Mwandikie mkubwa wako kwenye daftari: msalaba, kusulubiwa. Muulize zinafanana wapi. S, L, B. Kisha hukumu, hakimu, mahakama, hekima: H, K, M. Kisha kitabu, katibu, maktaba. Halafu mtegee: kutubu. Atairukia aiweke na kitabu, na hapo umwambie pole, hiyo ndugu yake ni toba, ukoo mwingine kabisa. Injili, Zaburi, nabii, sala, dhambi, yote hayo yamepitia Kiarabu. Ikiwa siku moja mtataka watoto waonje lugha nyingine ya kale, Kiarabu kiko karibu zaidi na kinywa chao kuliko Kilatini, na mwalimu wake hakosekani mtaani. Najua baadhi ya washarika wataguna. Wakumbushe kwamba Wakristo wa Misri na Lebanoni wanasali kwa lugha hiyo hadi leo.

Kilatini chenyewe sikikatai. Mtoto akifika sekondari, masomo yakishageuka kuwa ya Kiingereza, na akawa na hamu mwenyewe, kitabu cha kwanza cha Kilatini kilichomo kwenye boksi atakifungua na kitamsaidia kwa msamiati mgumu wa baiolojia. Akikosa hamu, amekosa kidogo.

Mnayoweza kuyafanya jioni ni machache, na usiruhusu mume aweke ratiba ndefu. Nusu saa siku za shule, lisaa limoja Jumamosi. Wa miaka 5 asikie tu, arudie, aimbe, alale akichoka. Kukisomwa, kila mmoja asimulie alichosikia kabla hamjaongeza chochote. Elimu yako ya kidato cha nne inatosha na kusaza. Mwalimu wa nyumbani anayesema "hata mimi sijui, tutafute" anafundisha vizuri kuliko anayejifanya. Upande wa Kikristo nao hauhitaji mstari wa Biblia kubandikwa kwenye kila jedwali la kuzidisha. Nimeona vitabu vya namna hiyo na vinachosha. Kumbukumbu la Torati 6 inasema uyanene uketipo nyumbani na utembeapo njiani. Kupika, kupima kitenge, kwenda sokoni: huko kote ni darasani.

Nimebakiza zile fani nne za namba, na ndizo ambazo nyumba nyingi za mtindo huu huzisahau kwa kupenda maneno mno. Nyinyi mna bahari. Jumamosi moja nendeni Raskazone na daftari. Andikeni saa ambayo maji yamejaa kabisa na umbo la mwezi wa jana usiku. Rudieni kesho yake: maji yatakuwa yamechelewa kama dakika 50. Fanyeni hivyo mwezi mzima, hata kwa kuwauliza wavuvi, na yule mkubwa achore mstari wake kwenye karatasi ya miraba. Ataona mwenyewe kwamba bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, linaangukia mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji mafu, yanapojaa kidogo, yanaangukia nusu ya mwezi. Hapo amefanya hesabu, jometri na elimu ya nyota, na akiisoma Zaburi ya 8 usiku ule, mwezi na nyota, hutakuwa na haja ya kumhubiria.

Ile ramani ya nyota, hata hivyo, msiibandike bado. Itazame kwanza. Ikiwa imechorwa kwa watu wa Marekani, katikati yake patakuwa na Nyota ya Kaskazini, ambayo hapa Tanga, nyuzi 5 kusini ya ikweta, haionekani kamwe. Iko chini ya upeo wa macho. Watoto wataitafuta hadi shingo ziume. Kilimia, lile kundi la nyota, wataiona, ile iliyotajwa katika Ayubu 38, na ambayo wazee wa pwani walipigia hesabu ya kulima: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Msalaba wa Kusini nao wataupata katikati ya mwaka. Shemeji akiuliza atume nini tena, mwombe ramani ya anga la kusini, na kamusi nzuri ya Kiswahili akipita Dar es Salaam.